Hatua 9,000 ni za mjukuu, sio zangu

SWALI

Mwanangu fizio, mtaalamu wetu wa mazoezi ya viungo, habari za kazi na poleni na majukumu. Mimi ni mama wa miaka 54, nipo Kigoma, biashara yangu ni dagaa pale Kibirizi, nimeanza kuanika na kuuza toka huyu mwanangu mkubwa yuko mgongoni na leo yeye ndo baba wa watoto watatu, kwahiyo ujue huu mgongo umeinama miaka mingi sana. Mwaka jana mguu wa kulia ukaanza kuwaka, unaanzia kwenye tako unashuka nyuma ya paja unamalizikia juu ya unyayo mpaka kidole gumba, kama mtu kakuchomeka waya wa umeme. Nimechua na mawese ya moto, nimemeza vidonge vya duka la dawa mpaka tumbo likachoka, wapi. Mwisho watoto wakachanga nikapelekwa Dar, nikaingizwa kwenye ile mashine ya picha ya MRI, wakasema disiki (kile kijimto laini) ya kati ya pingili ya nne na ya tano huku kiunoni imetoka inabana neva, yaani mshipa wa fahamu, nikapasuliwa. Hii ni wiki ya nane.

Upasuaji namshukuru Mungu, ule moto nilipozinduka tu nikausikilizia mguu nikaona kimya. Shida ni saa.

Mwanangu wa Dar alininunulia hizi saa janja za kuhesabu hatua, akaiunga na simu yangu na yeye akiwa huko huko anaona. Akasema mama daktari kasema utembee, sasa hii itakusaidia. Mwanzo nilifurahi. Lakini akaanzisha na mchezo kwenye grupu la familia, kila jioni kila mtu anatuma skrinshoti ya hatua zake, mkwe wangu 11,000, binti yangu 8,000, mama 740. Eti "mama kaza, ukilala mgongo utaganda". Na mimi natembea jamani! Ila kipindi kile nilikuwa natembea na ile fremu ya chuma, nazunguka uwanja mzima saa haisogei hata kidogo, halafu siku nimekaa kwenye kigoda nasonga ugali wa muhogo nikaangalia nikakuta imeniongezea hatua 200 na kitu, sijanyanyuka.

Wiki ya tano nikasema ngoja niwaonyeshe. Nikatoka nyumbani Mwanga nikashuka mpaka stesheni, nikapandisha tena kile kilima kwa mguu. Saa ikasoma 6,300. Grupu zima makofi. Usiku ule moto ukarudi mguuni, nikalala siku mbili kitandani nikiomba Mungu, sikumwambia mtu. Siku ya tatu maumivu yakapungua.

Basi kuanzia hapo nikawa namvalisha saa mjukuu wangu wa miaka 10 akitoka shule, anakwenda nayo mpirani anarudi na hatua 9,000. Najua sio vizuri lakini nilichoka kusemwa. Sasa yamekuwa makubwa, mwanangu kwa kuona namba amesema mama kapona, yule binti aliyekuwa ananisaidia kazi wamemrudisha kwao Kasulu toka wiki iliyopita, maji nachota mwenyewe, na mwanangu amempigia daktari aliyenipasua kumwambia mama anatembea hatua 9,000 kwa siku, daktari kafurahi sana. Kliniki yangu ni mwezi ujao. Niseme ukweli? Nikisema wataniona mtu mzima muongo. Na hii saa ina faida yoyote au niirudishe kwenye boksi? Pia inaonyesha presha, kila siku 118 kwa 76, niiamini?

Mguu kwa sasa hauumi sana, ila umekuwa mzito kidogo na kandambili ya kulia inanitoka nikitembea, nadhani imechakaa tu.

Mama wa Kibirizi

JIBU

Shikamoo mama yangu, na pole sana, pole ya mgongo na pole ya kukaa na hili jambo peke yako wiki zote hizi.

Barua yako imejaa saa, lakini mimi nimeganda kwenye mstari wa mwisho, kandambili. Tuanze hapo maana mengine yote yanaweza kusubiri mpaka Jumapili na hili haliwezi. Kandambili inakaa mguuni kwa sababu kila ukinyanyua mguu, kidole gumba na sehemu ya mbele ya unyayo vinajivuta juu kidogo, wewe hata huhisi, ni kazi ya neva. Na neva inayofanya kazi hiyo kwa sehemu kubwa ni ile ile ambayo disiki ya kati ya pingili ya nne na ya tano ikitoka huwa inaibana. Kwahiyo mtu aliyepasuliwa hapo akaniambia kandambili ya upande ule ule inamtoka, siwazi habari ya kandambili kuchakaa hata dakika moja.

Fanya hivi leo, usingoje kesho. Kaa kwenye kiti, peku, visigino vyote viwili vikae chini. Inua vidole gumba vyote viwili kwa pamoja vielekee usoni kwako, halafu mwite huyo mjukuu avikandamize chini kwa vidole vyake huku wewe unakaza. Cha kushoto na cha kulia vinatakiwa kugoma sawasawa. Kisha simama, shika ukuta, tembea hatua tano kwa visigino, mtu akuangalie kama mguu wa kulia unadondoka au unaburuza. Kisha vaa kandambili mpya, au hata ubadilishe tu ya kulia na ya mtu mwingine, uone kama bado inatoka.

Majibu yoyote utakayopata, kesho asubuhi nenda hospitali ya Maweni na karatasi zako za kuruhusiwa kutoka Dar na picha za MRI, uwaambie neno kwa neno, "nilipasuliwa mgongo wiki nane zilizopita na mguu umeanza kuwa mzito". Inawezekana ni udhaifu wa zamani tu, wa toka kabla ya upasuaji, neva ikishabanwa muda mrefu inarudi taratibu mno, mtu anaweza kusubiri miezi. Inawezekana pia disiki imechomoka tena pale pale, hilo linatokea kwa baadhi ya watu hata upasuaji ukiwa umeenda vizuri kabisa. Mimi kwa barua siwezi kujua ni lipi, anayejua ni aliyekushika mguu akaupima nguvu. Na mwombe daktari wa Maweni azungumze na yule wa Dar kwa simu, wala usingoje kliniki ya mwezi ujao.

Na mama, ikitokea mkojo umegoma au unatoka bila wewe kujua, au haja kubwa vilevile, au ganzi imekamata sehemu unayokalia kule katikati ya mapaja, au miguu yote miwili imelegea, hiyo ni ya kwenda usiku huo huo hata kwa kukodi bajaji, manake hapo masaa yanahesabika. Homa na kidonda kutoa maji, au shavu la mguu kuvimba na kuuma upande mmoja, au kifua kubana na pumzi kukata, ni hivyo hivyo, usiangalie saa ngapi.

Haya, sasa tuje kwenye saa.

Ndani yake kuna kidude kinachohisi mtikisiko na jinsi mkono unavyoyumba, halafu programu inakisia kwamba huu mtikisiko ni hatua na huu sio. Haioni miguu yako hata kidogo. Ulipokuwa umeshika ile fremu kwa mikono miwili, mikono ilikuwa imetulia, mwendo wenyewe wa polepole, saa ikaona mtu aliyekaa. Uliposonga ugali mkono ulikwenda na kurudi kwa mpigo kama wa mtu anayetembea, ikakupa hatua. Kufua vilevile, na ukipanda boda kwenye barabara ya makorongo nayo inaweza kukupa zawadi. Watu wa kwenye grupu wanatembea haraka wakiyumbisha mikono, kwao inakisia vizuri, kwa mtu aliyetoka kupasuliwa mgongo ndo inakosea zaidi, yaani inamkosea yule yule anayeihitaji. Kwahiyo ile 740 iliyokuaibisha inawezekana kabisa ilikuwa mara mbili ya hapo, na uliitembea kwa haki yako.

Unaweza kuipima mwenyewe. Angalia namba, tembea hatua 100 ukihesabu kwa mdomo, angalia tena. Rudia mara tatu. Ikikupa 95, 102, 98 ni nzuri. Ikikupa 60, ihamishe uifunge kwenye kifundo cha mguu, kama mkanda unafika, huko inahisi mguu wenyewe na kwa watu wa mwendo wa polepole inakuwa ya kweli zaidi. Mapigo ya moyo haitasoma vizuri ikiwa huko, hayana shida, hatuyahitaji kwa kazi hii.

Presha usiiamini. Namba ile ile kila siku, 118 kwa 76, asubuhi na jioni, umebeba maji na umelala, hakuna mwili wa binadamu unaofanya hivyo. Pima kwa ile mashine ya mkanda wa kwenye mkono, na kama una dawa za presha usiziguse kwa sababu ya saa.

Sasa hii 10,000 ambayo kila mtu anaikimbilia, mwambie mwanao ilikotoka. Mwaka 1965 kampuni moja ya Japani, Yamasa, ilitoa kifaa cha kuhesabu hatua cha kuvaa kiunoni ikakiita manpo-kei, maana yake kipimo cha hatua elfu kumi. Lilikuwa jina la kuuzia bidhaa, likapendwa, likaenea dunia nzima mpaka likaingia kwenye hizi saa. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani wakiongozwa na I-Min Lee walitoa matokeo ya wanawake zaidi ya 16,000 wenye umri wa wastani miaka 72, wakakuta waliotembea kama 4,400 kwa siku walikuwa na hatari ndogo ya kufa kuliko waliotembea 2,700, na faida ikawa haiongezeki tena ikifika kama 7,500. Na hao hawakuwa wametoka kupasuliwa. Hakuna namba moja ya grupu zima inayoweza kumfaa mama wa wiki ya nane baada ya upasuaji wa disiki pamoja na mkwe wake mzima wa afya, hazilinganishwi.

Kosa la ile siku ya stesheni lilikuwa kuruka. Ulikuwa kwenye mia kadhaa ukaenda 6,300 kwa siku moja, tena na kilima cha kupandisha. Daktari akisema tembea anamaanisha kidogo kidogo mara nyingi, dakika tano au kumi, unapumzika, jioni tena.

Kwahiyo usiirudishe kwenye boksi, ila itumie hivi, baada ya mguu kupimwa na daktari kukuruhusu. Ivae wewe mwenyewe siku tatu za kawaida, bila kujikaza na bila kujionyesha, uchukue wastani. Tuseme ni 1,500. Hapo ndo pa kuanzia kwako. Gawa matembezi mara nne au tano kwa siku, sehemu tambarare, sio mchanga wa Kibirizi manake mchanga unayumbisha kiuno kila hatua, na sio kile kilima. Wiki inayofuata ongeza sehemu ya kumi tu, iwe 1,650, wiki nyingine hivyo hivyo. Anayeamua uongeze au ubaki ni asubuhi ya kesho yake. Ukiamka mguu uko kama jana, sawa, endelea. Ukiamka maumivu yameshuka kutoka kiunoni kwenda chini, yamefika kwenye shavu la mguu au kidole, rudi kwenye namba ya wiki iliyopita na yasipopanda mwambie daktari. Yakiwa yanatoka mguuni yanapanda kurudi kiunoni, hata kama kiuno kinauma kidogo, mara nyingi ni dalili nzuri, wengi wanaogopa hapo bure.

Kitu kingine ambacho hizo saa zinafanya vizuri na watu hawakitumii ni ule mtetemo wa kukukumbusha kuinuka. Nyingi zinakubali kuwekwa kila baada ya muda fulani, mwambie mjukuu akuwekee nusu saa kama inaruhusu. Kukaa kwenye kigoda masaa mawili unachambua dagaa ni mzigo mkubwa kwa disiki, pengine kuliko hayo matembezi. Inatetema, unainuka, unanyoosha mwili, unakaa tena. Nikipewa saa hiyo bila hatua, ikawa na huo mtetemo tu, bado ningewapa wagonjwa wangu.

Sasa mwanao.

Mama, sema ukweli, na useme leo hii kabla hata ya kwenda mbali. Na sisemi hivyo kwa sababu ya uongo kuwa dhambi, hilo wewe unalijua kuliko mimi. Ni kwa sababu ya kilichofichika. Siku ile ya 6,300 kama saa ingebaki mkononi mwako, mchoro wa kwenye simu ungeonyesha 6,300, halafu 100, halafu 150, halafu 400, na mtu yeyote mwenye kuelewa akiuona anajua huyu mama kuna kitu kimempata, apigiwe simu. Badala yake zikaja 9,000 za mjukuu zikafunika lile shimo. Daktari amefurahia mguu wa mtoto wa miaka 10, na wako unalegea hajui.

Na mwanao usimwone mbaya. Yuko Dar, kati yenu kuna zaidi ya kilomita 1,200 za reli, hakuoni ukinyanyuka kitandani, hakusikii ukiguna, kitu pekee anachokiona ni hiyo namba basi akaishika. Hakuna aliyemfundisha aulize nini kingine. Mfundishe wewe. Mtumie sauti, yeye peke yake, sio kwenye grupu, mwambie kwa maneno yako lakini yasikose haya: "Mwanangu, siku ile ya stesheni nilizidisha, maumivu yalirudi nikalala siku mbili, nikaogopa kuwaambia. Hatua za baada ya hapo ni za mjukuu wangu, nilimvalisha saa kwa sababu nilikuwa nasikia aibu kila jioni. Sasa mguu ni mzito, nakwenda Maweni kesho. Naomba umpigie daktari umwambie ukweli, na binti arudi." Basi. Usijitetee, usilie sana kwenye hiyo sauti, atakupigia kabla haijaisha, ninavyowajua watoto wa kiume wa namna hiyo.

Binti wa Kasulu arudi kweli, hilo halina mjadala. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, na mtu wa wiki ya nane hatakiwi kuinama akainua mzigo huo akageuka nao. Angalia karatasi yako ya kuruhusiwa waliandika kilo ngapi, madaktari wengi huweka kilo chache tu kwa kipindi hiki. Mpaka atakapofika, maji abebe mjukuu kwenye vidumu vidogo, nguvu zake za mpirani zihamie huko kidogo. Wala usimgombeze, alifanya alichotumwa na bibi yake.

Kwenye mchezo wa grupu jitoe, waambie mama ametoka, wao waendelee. Hata kwenye simu ile kuonyeshana kila siku inazimika, umtumie mwanao wastani wa wiki mara moja Jumapili, na badala ya "mama leo hatua ngapi" awe anakuuliza mambo mawili: mguu uliamkaje, na umekaa muda gani bila kuinuka.

Siku ya kliniki beba simu yenyewe na kikaratasi cha tarehe ambazo saa haikuwa kwako, ili daktari azitupe. Kama ni kusafiri kwenda Dar na daktari ameridhia, treni ni afadhali kuliko basi kwa mgongo wako, unaweza kusimama na kutembea kwenye korido ya behewa.

Kuhusu kurudi Kibirizi sikujibu leo. Mguu kwanza. Ukisharuhusiwa tutazungumza habari ya kuanikia kwenye vichanja vya usawa wa kiuno badala ya kuinama mchangani, na nani atabeba magunia, maana hilo wewe hutobeba tena.

Ukitoka Maweni niandikie walichokuta kwenye kidole gumba. Nasubiri.